Aliyebaki Nyuma

Basi la saa sita lilikuwa na nafasi, hivyo niliwasikia vizuri wanaume wawili waliokaa mbele yangu. Mmoja alikuwa fundi cherehani, tepu ikining'inia shingoni. Mwenzake, fundi bomba, alikuwa amemtambua: zamani alikuwa beki wa kati wa timu ya kiwanda.

"Ukuta wenu ule, kaka! Mabeki wanne mnapanda kama mmefungwa kamba moja. Hawa wa leo wanakaa kama wanasubiri kinyozi."

"Tulipanda kwa sauti yangu. Nikiita 'Toka!', wote tunatoka, mshambuliaji anabaki ameotea."

"Isipokuwa ile fainali. Beki wenu wa kushoto akalala nyuma, bao likaingia. Alituua yule!"

"Kibendera kilipaswa kuinuliwa."

"Kiinuliwe vipi, na mtu wenu kabaki nyuma?"

Nilikubaliana naye, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Fundi cherehani aliivua tepu, akaikunja taratibu. "Hakulala. Nilikuwa bado nabishana na mwamuzi kuhusu mpira wa kurusha, nikachelewa kuita. Wa karibu yangu walitoka. Yeye kule pembeni hakuwahi. Wakamzomea mpaka akaacha mpira, na mimi nikanyamaza. Miaka ishirini na sita."

"Lo! Mwenyewe anajua?"

"Anajua tangu siku ile. Hajawahi kunisema kwa mtu. Ndiye ninayekwenda kumwona wodini."

Basi lilisimama langoni mwa hospitali. Fundi cherehani aliinuka, akamuuliza kondakta kama saa za kuona wagonjwa zimekwisha.

Kondakta akamjibu kwamba ndiyo kwanza zimeanza.