Shikamoo Tatu za Kulwa

Kijiwe cha Rafaeli kiko nyuma ya stendi ya Kilosa, ubavuni mwa mashine ya kusaga ambayo siku hizi inaendeshwa na mtu mwingine. Ni benchi moja refu, jiko la mkaa na birika la kahawa, na kila asubuhi wanakaa watu walewale kubishania mambo wasiyo na hakika nayo. Ijumaa hiyo Mzee Abeli alifika amekunja uso. Jina lake kijiweni ni Mashine, maana alisimama mbele ya ile mashine miaka ishirini na sita, mpaka masikio yakaanza kulia yenyewe. Mwaka wa tatu sasa yanalia, iwe kuna kelele au hakuna. Alikaa mwisho wa benchi, akapokea kikombe bila kushukuru, kwa sababu alijua walikuwa wanamsema. Na kweli walikuwa wanamsema.

— Tuambie ukweli leo, Mashine, alianza Kasian, mwalimu mstaafu wanayemwita Mtaala. Ulimkataa yule kijana au hukumkataa?

— Sijamkataa mtu.

— Ila shikamoo yake hukuitikia.

— Sikuisikia. Niseme mara ngapi? Niandike ukutani?

Jambo lenyewe lilikuwa limeshafika mpaka kijiji cha Munisagara. Jumatano ya wiki iliyopita, Abeli alikuwa amekaa juu ya debe shambani kwake, karibu na mto, mikono magotini, macho amefumba. Akapita Kulwa, kijana wa Mzee Ngolo wa Mikumi, yule anayetaka kumwoa Vaileth, binti wa Abeli. Kulwa akavua kofia, akainama, akasema shikamoo baba. Kimya. Akarudia. Kimya. Akasema mara ya tatu, akasubiri, halafu akaondoka. Jumamosi mshenga alikuwa alete barua ya posa, na mama Vaileth ameshachinja majogoo mawili. Mshenga hakuja. Ilikuja simu tu, kwamba kijana amekataliwa mchana kweupe. Tangu siku hiyo Vaileth anamsalimia baba yake kila asubuhi kama alivyolelewa, ila anageuka na kuondoka kabla hajaitikiwa. Hilo lilimuuma Abeli kuliko masikio.

— Na juu ya debe ulikuwa unafanya nini? aliuliza Mtaala.

— Nilikuwa kwenye matibabu.

Samwel akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Huyu ni dereva wa bodaboda, na wanamwita Antena kwa sababu habari inamfikia kabla haijatokea.

— Mzee wangu, hiyo siyo matibabu, hiyo ni meditesheni. Nimeiona kwenye simu. Watu wanakunja miguu wanakuwa kama wamezimwa.

— Sikukunja miguu mimi. Nina magoti mabovu.

— Basi ni meditesheni ya debe.

Abeli akaweka kikombe chini. Alikuwa na hasira ya siku tisa, na haikuwa imepata mahali pa kutokea.

— Sikilizeni nyie. Nimepanda basi alfajiri, nimekaa foleni hospitali mpaka saa nane. Muuguzi akanimulika masikio yote mawili, akasema mzee, hakuna cha kutoa humu, na dawa ya kuufuta huu mlio hakuna. Nikasema basi nipe ya kuupunguza. Akaniambia, ukae.

— Ukae wapi?

— Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema popote penye utulivu. Robo saa kila asubuhi, ufumbe macho, uhesabu pumzi. Mlio ukija usigombane nao, uuache. Sauti nyingine ikija, jogoo, pikipiki, nayo uiache ipite. Mtu nimetoka kwangu na njaa, nimesafiri na vumbi lote lile, naambiwa nikae. Kukaa si ningekaa nyumbani?

— Walikuonea, alisema Rafaeli, mwenye kahawa, akikoleza mkaa. Wangekupa hata vidonge vyeupe.

— Tena ugonjwa wenyewe walikosea, alidakia Antena. Huo siyo ugonjwa. Lile jino lako la bati linanasa mtandao. Mnara si uko pale juu? Unachosikia ni simu za watu zikiwa bado hazijapokelewa.

— Jino niliweka mwaka jana. Mlio una mwaka wa tatu.

— Basi ni hii treni ya umeme, alisema Rafaeli. Zile nyaya zimebeba umeme mwingi mno. Wote hauwezi kufika Dodoma, mwingine lazima umshukie mtu.

— Mlio ulianza kabla treni haijapita, Rafaeli. Na kwa nini unishukie mimi, nyie mko wapi?

— Wewe ulishazoea mashine. Umeme unakujua.

Mtaala akainua kidole, kama alivyokuwa akifanya darasani.

— Mnaruka hatua. Suala siyo mlio, suala ni hiyo dawa. Mguu ukiukalia sana unakufa ganzi, si ndiyo? Sasa na akili ukiikalia robo saa bila kuipa kazi, nayo inakufa ganzi. Ndiyo maana hakumsikia kijana.

— Haifi ganzi, alisema Rafaeli, inabaki wazi. Na kichwa ukikiacha wazi porini, karibu na maji, mtu mwingine anahamia. Mimi nasema aliyekaa kwenye lile debe Jumatano siye Mashine.

— Alikuwa nani?

— Sijui. Ila siye huyu. Tuwaambie wakwe hivyo, yaishe.

Antena akakubali kwamba hapo kuna hoja. Mtaala akasema itabidi iandikwe barua, na kijiwe kizima kisaini. Wakaanza kutafuta kalamu.

— Mnanifanya mimi mzimu? alisema Abeli, na sauti ilimpanda mpaka abiria wawili stendi wakageuka. Miaka ishirini na sita nimewasagia nyie. Wewe Rafaeli, unga wa msiba wa mama yako nilisaga mimi usiku kucha. Mtaala, shule yako nzima ilikula uji wangu. Unga mlikula nyie, kelele zikabaki kwangu. Leo nakaa robo saa nipumue, mji mzima unanijadili. Mlevi akilala mtaroni mnasema jamani amechoka. Mimi nimekaa na akili zangu, nimekuwa mwehu.

Rafaeli alimwongezea kahawa, ndiyo njia yake ya kuomba radhi.

— Mpigie kijana simu basi, alisema Antena taratibu. Mwambie masikio yamekufa.

— Mimi nimtafute kijana nimwombe radhi kwa kuwa naumwa? Sifanyi hivyo.

Alisema hivyo kwa ukali, na ukali huo ulikuwa na kitu chini yake. Shikamoo zile Abeli alizisikia. Alizisikia zote tatu.

Alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe. Angeanzia wapi? Siku saba za mwanzo alikaa juu ya debe na mlio ukawa uleule, akawa anamtukana muuguzi kimoyomoyo huku akihesabu pumzi. Siku ya nane, Jumatano, alipofika pumzi ya hamsini na kitu, mlio ukashuka. Haukuondoka, ulishuka tu, na chini yake akasikia maji ya mto yanapita kwenye mawe. Miaka miwili na zaidi hakuwahi kuyasikia. Na hapohapo ndipo mtu aliposema shikamoo baba.

Pikipiki ikasimama ng'ambo ya barabara. Mzee mrefu mwenye koti na fimbo akashuka, akaja mpaka kijiweni. Kijana aliyemleta akabaki kwenye pikipiki, kofia mkononi.

— Shikamoo mzee, alisema Antena, akisimama kumpisha.

— Marahaba. Hamjambo hapa?

Alikuwa Mzee Ngolo mwenyewe, ametoka Mikumi. Hakumpa Abeli mkono. Alikaa upande wa pili wa benchi, fimbo kati ya magoti, akamtazama Abeli juu mpaka chini kama mtu anayechagua ng'ombe.

— Nimekuja kuuliza neno moja, alisema mwishowe. Kijana wangu alikusalimia. Ulimsikia?

— Hakumsikia, mzee, alirukia Antena. Masikio yake yamekufa kabisa, ni mambo ya mashine. Ukitaka akusikie mpaka upige kelele.

— Sikukuuliza wewe.

Ngolo akaligeukia jiko, mgongo kwa Abeli. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mkaa:

— Kahawa yako inapoa, mzee mwenzangu.

Mkono wa Abeli ukaenda kwenye kikombe. Ulikuwa umeshakishika alipotambua kilichotokea. Antena akatazama chini. Mtaala akavua miwani akaanza kuifuta.

— Basi unasikia, alisema Ngolo, akageuka. Hilo limekwisha. Sasa kijana wangu alikukosea nini?

Akamtazama Abeli. Akamtazama Mtaala, kisha Antena, kisha Rafaeli mwenye birika mkononi. Asubuhi nzima walikuwa wametaja mnara, treni, akili kufa ganzi na mtu kuhamia kichwani mwa mtu. Swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

— Hakunikosea, alisema Abeli.

Akakiweka kikombe chini.

— Nilimsikia. Mara zote tatu. Huu mlio una mwaka wa tatu, Ngolo. Unalala nami, unaamka nami, naenda nao kanisani. Siku ile ulishuka. Nikasikia mto. Niliambiwa sauti zote niziache zipite, na yeye akaja katikati ya sauti hizo. Nikasema moyoni nikifungua mdomo tu, utarudi. Nikamwacha akapita kama pikipiki.

— Ukarudi?

— Ulirudi. Kijana wako hata kilimani hajafika.

Ngolo akagonga fimbo chini, mara moja, polepole.

— Ungeniambia hivyo wiki iliyopita, ningemwambia siku nyingine akae akusubiri. Robo saa siyo kitu. Sisi tunasubiri ng'ombe wanywe. Ila tangu arudi nyumbani siku ile hali chakula, mzee mwenzangu, anaulizauliza amefanya nini, na sisi hatuna la kumjibu.

Abeli akasimama. Mlio ulikuwa juu kweli, kama siku ambazo mkanda wa mashine ulikuwa umelegea. Akavuka barabara bila kuaga. Kulwa alipomwona anakuja, akashuka kwenye pikipiki haraka, akaanza kuinama.

— Marahaba, alisema Abeli.

Kijana akabaki ameinama nusu.

— Sijakusalimia bado, baba.

— Ulinisalimia Jumatano ya wiki iliyopita. Mara tatu. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Kulwa hakujua aweke wapi mikono. Akavaa kofia, akaivua tena.

— Shikamoo, alisema, kwa sauti ndogo. Ya leo.

— Marahaba. Sasa washa pikipiki unipeleke nyumbani. Baba yako ataendelea na kahawa.

Alipanda kwa shida, magoti yakigoma, akamshika kijana begani.

— Na ukimbize. Vaileth akituona ataanza kusalimia, na leo nataka nimwitikie kabla hajageuka.