Barnaba Haonga, Mtu Mmoja wa Swichi Mbili

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Isansa, na ninyi mliotoka Tunduma mkapambana na foleni ya malori ili kumsindikiza, naombeni utulivu. Mimi ni Loisi, dada mkubwa wa marehemu. Mama alitaka wasifu huu usomwe na mwanamume asiyelia. Hakupatikana, nikapewa mimi.

Ndugu yetu Barnaba Zebedayo Haonga alizaliwa tarehe 3 Machi 1978 hapa Isansa, wilaya ya Mbozi. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu mzee Zebedayo na mama yetu Nesta. Alizaliwa msimu wa mahindi mabichi, na mama husema ndiyo maana hakuwahi kushiba. Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1986, akasoma sekondari Vwawa kuanzia 1993 hadi 1996. Baadaye baba aliuza kahawa akampeleka chuo kimoja mjini Mbeya kusomea kompyuta, akahitimu mwaka 2001. Wazee wenzake walimcheka: kahawa yote ile ili mtoto akachape-chape! Baba akawajibu neno moja tu, "Ngojeni."

Alihudumia internet kafe pale Mbeya kwa muda, kisha mwaka 2006 akaajiriwa Tunduma, katika kampuni ya mzee Abdulrahim inayoshughulikia nyaraka za mizigo inayovuka mpaka. Tangu jana watu wananiuliza kazi yake hasa ilikuwa ipi, maana walimwona na nyaya tu. Nitaeleza kama alivyonieleza mimi, mkulima wa kahawa. Nyaraka za malori zilikaa kwenye kompyuta kubwa inayoitwa seva, na makarani waliifikia kwa kupitia kisanduku cha kuunganisha nyaya kinachoitwa swichi. Swichi ikiharibika, ofisi nzima inakaa bure, na madereva wanalala barabarani wakitukana. Hilo lilitokea mara nyingi mno. Mwaka 2010 Barnaba alipanga swichi mbili, moja juu ya nyingine, akaziunganisha kwa nyuma zikafanya kazi kama moja. Kutoka kwenye seva, na kutoka kila chumba cha makarani, akavuta nyaya mbili, mmoja swichi ya juu na mmoja ya chini, zibebe mzigo pamoja. Upande mmoja ukifa, mwingine unaendelea.

Siku ya kuwasha, ofisi imejaa wateja, alimwita mzee Abdulrahim, akachomoa waya mmoja mbele ya macho yake.

"Astaghfirullah! Barnaba, unataka kuniua?"

"Mzee, sikiliza. Kuna karani yeyote aliyepiga kelele?"

Hakuna. Makarani walikuwa wanachapa kazi kama kawaida. Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti, na toka hapo kila mgeni wa heshima aliyefika alionyeshwa waya ukichomolewa.

Nimeruka ndoa, wifi yangu Roda anisamehe. Barnaba na Roda walifunga ndoa tarehe 18 Oktoba 2008, katika kanisa letu hapa Isansa. Bwana harusi alifika madhabahuni na pete moja ya ziada mfukoni, eti ya kwanza isije ikaanguka. Mchungaji akamuuliza, "Na bibi harusi wa akiba umemwacha wapi?" Kanisa zima lilicheka, Roda mwenyewe akiongoza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anyitike na Ipyana.

Sasa nafika pagumu, na sitapaka asali.

Barnaba alikuwa amemfundisha kijana mwenzake, Aziz, kazi yote ya swichi, wakawa mafundi wawili. Mwaka 2012 mzee Abdulrahim alimhamishia Aziz kwenye yadi ya malori. Kisa? Kwamba mambo yalikwenda vizuri! "Mashine ziko mbili," alisema, "mafundi wawili wa nini?" Barnaba akamwambia, "Mzee, kidole kimoja hakivunji chawa." Mzee akamjibu, "Wewe si kidole, wewe ni mkono mzima." Ndugu yangu alirudi nyumbani na sifa hizo akazisimulia kwa furaha. Aziz alichoka na yadi, akaacha kazi akaenda zake Ndola.

Katikati ya mwaka jana miguu ya Barnaba ilianza kuvimba. Daktari kule Mbeya akasema ni figo, alazwe. Akaomba ruhusa kazini, akaambiwa asubiri kidogo, mtu atafutwe. Kidogo hiyo ilifika Aprili mwaka huu, na mtu hakutafutwa. Hatimaye Roda alimpeleka kwa nguvu, akalazwa. Alikuwa ameanza kupata nafuu radi ilipopiga Tunduma ikaunguza swichi ya chini. Ya juu ilishika kazi yote, hakuna lori lililosimama. Hata hivyo simu ikaja: aje afunge mpya, maana iliyobaki ikifa wamekwisha.

Nilikuwa kando ya kitanda chake. Nikamwambia, "Barnaba, hiyo swichi wanaitafutia mwenzake. Wewe mwenzako ni nani?"

Akanijibu, "Dada, nikitoka hapa leo nitarudi kesho."

Akavaa viatu. Kesho hiyo hakurudi, wala juma lililofuata, kwa sababu ofisini kila siku lilizuka jingine. Tarehe 13 Mei 2014 alianguka ofisini. Alirudishwa Mbeya, na Alhamisi tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi, akatutoka.

Simtwishi mzee Abdulrahim lawama zote. Barnaba naye alipenda kuitwa. Ukimwambia "bila wewe hatuwezi", umemmaliza. Mzee, umekaa hapo mbele, na gari lililoleta jeneza ni lako. Familia inakushukuru kwa dhati. Lakini uliogopa kubaki na swichi moja, na Barnaba mmoja hukumwogopea. Hilo linaniuma, na nisingeweza kumfukia ndugu yangu nikiwa nimelimeza.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili na sisi ndugu zake watano. Anyitike ana miaka minne, Ipyana bado ananyonya.

Alhamisi ile ile, tukisubiri kukabidhiwa mwili, simu yake iliita mkononi mwangu. Alikuwa karani mgeni wa ofisini, msichana mwenye adabu, hajaambiwa lolote. Alisema mtandao unasuasua, akaomba kuongea na Barnaba. Nikamwambia hayupo.

Akaniuliza, "Atarudi saa ngapi, mama?"

Pumzika, mdogo wangu. Bwana akupe amani, na mtu asikuite tena.