Mstari wa Getini

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa miwani. Aliisahau mezani nyumbani, mkewe akamfuatia nayo kazini, akakuta mlinzi hayupo kibandani, akaipigia simu ya mezani ya ofisi kwa simu yake ya mkononi: “Nimekutundikia getini. Ukirudi, pitia sabuni.” Alirudi na sabuni. Kulipokucha mkewe hakuamka. Tangu siku hiyo watu wa benchi la nje ya kinyozi, ambao hawamwonei mtu haya, wamekuwa wakimsogezea kikombe cha kahawa kabla hajaomba.

Walimwita Masikio. Kazini kwake kuna sahani ya chuma kubwa kuliko uwanja wa mpira, na kazi ya sahani hiyo si kuzitazama nyota, ni kuzisikiliza. Nyota husema kwa sauti ndogo mno, na dunia haijui kunyamaza: ndege inapita, mtu anachomelea geti, pikipiki mbovu inakohoa barabarani, vyote vinaingia. Masikio hukaa mbele ya kompyuta akiichunguza picha ya sauti hizo, na pale penye kelele za watu huweka alama kwamba hapa pasihesabiwe. Kinyozi alijivunia kazi hiyo kama yake. Wateja wapya aliwaambia wakae wima, maana benchi lile limekaliwa na mtu anayezipangusa nyota vumbi.

Jioni moja kahawa ya Masikio ilipoa mkononi.

— Kulikoni, kaka? Nyota zimekununia? Kinyozi akauliza.

Akawaeleza taratibu. Mezani kwake imefika rekodi ya siku ile ya miwani. Nyota iliyokuwa ikisikilizwa ni ile inayodunda kama moyo, haikosei pigo. Katikati ya picha kuna mstari mweupe, mnene, umeikata toka juu hadi chini. Ni simu ya mkononi, iliyopigwa karibu sana, getini.

— Shemeji? Kinyozi akasema.

— Yeye.

Nani asiyemjua yule mama? Pale kazini simu zote huzimwa kabla ya geti, na yeye, ambaye hakuajiriwa hata kufagia, aliilinda sheria hiyo kuliko mlinzi. Siku moja alipopeleka chakula alimsimamisha mgeni wa heshima na msafara wake, akamwambia, mwanangu, zima hiyo, kuna watu wanasikiliza. Mgeni akazima. Sheria hiyo aliivunja mara moja tu maishani, ili mumewe asisafishe data akiwa haoni.

— Mkuu wangu ameshaniuliza mara mbili, Masikio akasema. Nisipoweka alama, watu wataihesabu simu ya mke wangu kuwa ni nyota.

Muuza kahawa akasema haoni hasara iko wapi.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Mwalimu mstaafu alishauri rekodi yote itupwe, kwa kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Masikio akamjibu kwamba kwao akioza mmoja hutolewa huyo, wengine wanaliwa. Ufundi ni kumtoa bila kumchubua jirani yake. Kinyozi akataka mstari uachwe ulivyo: kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse mstari mmoja kuvunja nyota? Muuza kahawa alikuwa na lake. Sahani ile ina kina kama sufuria, alisema, na kitu kikiingia kwenye sufuria hakikosi kubakiza ukoko. Waiinamishe vizuri, huenda maneno ya marehemu bado yako chini. Mwalimu hakukubali kupitwa. Akadai nyota imeshamsikia yule mama na jibu liko njiani, hivyo mstari ubaki palepale, jibu lisije likapotea nyumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akamalizia, na hakuna aliyemuuliza mgonjwa ni nani.

Masikio alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akawaambia sahani haihifadhi maneno, inapima nguvu tu. Pale pana kelele, maneno hayamo.

Kinyozi akashusha sauti.

— Basi ukiweka alama, unamfuta.

— Hatufuti. Tunasema tu kipande hicho kisihesabiwe.

— Kisihesabiwe ndiyo nini, kaka, kama si kufutwa?

Swali hilo ndilo lililomrudisha Masikio nyumbani siku mbili mfululizo bila kuigusa ile rekodi.

Pembeni alikuwa amesimama fundi cherehani aliyehamia chumba cha jirani wiki ile, kikombe mkononi, akiona haya kuingilia.

— Samahanini, wazee wangu. Na nyota yenyewe, wakati marehemu anaongea, ilikuwa inasema nini?

Kinyozi akamtazama Masikio, kama kawaida yake neno la mbinguni likimshinda.

— Haijulikani, Masikio akasema.

Akalirudia neno hilo kimoyomoyo. Siku mbili alikuwa ameulinda ule mstari kama mtu anayeogopa kuporwa, asimfikirie hata kidogo yule aliyekuwa akisema asisikike, yaani nyota yenyewe. Mkewe angemfikiria huyo kwanza. Muuza kahawa akainamisha birika. Likatoa tone moja. Watu wakainuka.

Asubuhi alivaa miwani, akaifungua rekodi. Akaweka alama kuanzia ukingo wa mstari hadi ukingo wake wa pili, pole pole, bila kuigusa nyota upande wowote. Kompyuta ikauliza sababu. Akaandika: simu. Ikauliza chanzo, mahali ambapo miaka yote huandika “hakijulikani.” Akaandika: kinajulikana.