Mchezo Aliokataa Kuupitia

Kijiwe cha sataranji cha Holguín ni benchi la saruji bustanini, ubao wenye kete zilizomeguka, na chupa ya kahawa ya Masharubu. Asubuhi hiyo hakuna aliyecheza. Jana yake, kwenye fainali ya mkoa, Evelio, bingwa wa miaka mingi, alifungwa na Mailén, binti aliyemfundisha mwenyewe, wa mwisho kabisa kwa kiwango. Mshindi anakwenda Havana kwenye mashindano ya taifa. Isipokuwa Evelio aseme kwamba binti alifanya udanganyifu; waamuzi walikuwa wakimsubiri mpaka mchana.

— Profesa, usijitese, — Masharubu alisema akimmiminia Evelio kahawa. — Yule alisaidiwa. Shangazi yake akikohoa, yeye anasogeza kete.

— Kukohoa wapi! — akadakia Redio, ambaye hanyamazi hata akila. — Ni ile feni. Ilimpuliza Profesa machoni mchezo mzima.

— Feni gani, we mzushi? Umeme si ulikatika tangu asubuhi?

— Ndiyo hapo sasa! Nani aliukata?

Masharubu akainamisha kichwa, akashusha sauti.

— Babu yake anapiga ramli kwa kauri. Mizimu ilikaa na binti pale mezani. Profesa alikuwa mmoja, wao kundi zima. Hata mimi ningefungwa.

— Wewe unafungwa na mkeo, bila mizimu!

Evelio hakucheka. Alijua vizuri kilichotokea. Binti alimtoa farasi wake bure, yeye akamla kwa tamaa, na alipouona mtego alikuwa ameshachelewa. Mtego mzuri mno. Hata yeye hajawahi kutega mfano wake.

— Nenda ukaseme, Profesa, — Redio akahimiza. — Neno moja tu.

— Nitasema.

Ndipo Mailén akatokea.

— Shikamooni. Profesa, jana nilikungoja mezani. Si wewe uliyenifundisha kwamba mchezo ukiisha, aliyeshinda na aliyeshindwa wanapanga kete upya, wanaupitia pamoja? Mbona uliondoka?

Masharubu akachungulia ndani ya chupa. Redio akakuna goti.

Mailén akakaa, akaanza kupanga kete, zake na za mwalimu wake.

— Kuna mahali ungeweza kuniponyoka, — alisema. — Nataka nikuonyeshe.

Evelio akavaa kofia. Akavuka barabara kuelekea kwa waamuzi, wala hakugeuka.