Zakaria Masinde, Fundi wa Chini ya Magari

Ndugu msomaji, nakuomba kwa heshima zote, siri ya karatasi hii ibaki kwako, neno kwa neno. Ukimaliza kuisoma mpe mwenzako unayemwamini, la sivyo ichome. Usiisome kwa sauti karakanani, wala usiisahau mfukoni mwa ovaroli inayokwenda kufuliwa. Ukiulizwa, hujaiona. Programu ya sherehe ya Jumamosi nimeipiga taipu mimi, na humo mna wasifu mwingine wa Mzee Masinde, mfupi, wenye maneno yaliyochaguliwa na ofisi. Huu ndio wasifu aliostahili.

Mzee Zakaria Masinde anastaafu Jumamosi hii, tarehe 28 Septemba 1974, baada ya kuitumikia gereji yetu ya Nakuru kwa miaka ishirini na mitano. Programu itasema ni kwa sababu ya umri. Ana miaka hamsini na miwili, na kuna walio wazee kuliko yeye hapa ambao hakuna aliyewauliza umri wao.

Alitoka Kimilili akiwa kijana, akaanza kwa kuosha injini. Aliyemfundisha kazi ya lami ni Harjit Singh, fundi mkuu wetu wa leo, wakati huo naye akiwa fundi mdogo. Sisi wa ofisini wengi hatujui kazi hiyo ni nini, kwa hiyo nitaieleza. Bati la chini ya gari likiachwa tupu hulia. Mawe ya barabara hulipiga, injini hulitetemesha, na watu ndani hulazimika kupiga kelele ili wasikizane. Dawa yake ni lami nzito. Mzee Masinde huichanganya na unga wa mbao aliouchekecha mwenyewe, pamoja na vumbi la jiwe jepesi la volkano ya Menengai, akaipasha moto na kuipaka mpaka inatoka na vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Ikikauka hugonga kwa kifundo cha kidole. Bati likisema "teng", anarudia. Likisema "dup", anahamia lingine.

Ni kazi ya kulala chali na kudondokewa na lami ya moto shingoni. Hakuna mteja anayeitazama, lakini wote huisikia. Dereva wa malori ya Mai Mahiu alimwambia kwamba tangu lori lake lipakwe lami, mkewe ameacha kumuuliza kwa nini anafoka nyumbani.

Wako pia waliokasirika. Bwana Umesh, mfanyabiashara wa mahindi wa Rongai, alirudisha pikapu yake siku mbili tu baada ya kuichukua, akasimama mlangoni akipiga honi.

"Masinde! Wewe naharibu gia yangu! Inalia kama ng'ombe!"

"Gia ililia tangu mwaka jana, Bwana Umesh," alijibu Mzee Masinde kutoka chini ya lori. "Sakafu ilikuwa inalia zaidi, ndiyo maana hukusikia."

Harjit alikagua gia, akakuta ni kweli. Bwana Umesh alituma gunia la mahindi, na kila mwaka baada ya hapo alileta pikapu kwa Mzee Masinde na si kwa mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo programu imelifunga mdomo.

Mnajua ile salun nyeusi ya Kiingereza, gari dogo la mwaka 1951, ambayo Bwana Kiprugut, mwenye gereji, aliipata alipoinunua gereji kwa Mzungu aliyekuwa anaondoka. Miaka miwili mmeifanyia kazi ili irudi kama ilivyotoka kiwandani, iingie mashindano ya magari ya zamani Nairobi. Mzee Masinde alipewa sehemu ya chini. Alikwangua lami ya zamani iliyooza, akatibu kutu, akapaka upya. Niliitwa na Harjit nikaitazame kwa taa. Hapakuwa na tone lililoning'inia wala pembe iliyorukwa.

Harjit peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. "Masinde, hii si kitanda ya bibi harusi," alisema. "Kiwandani wao nafanya haraka haraka. Chafua kidogo."

"Singh, wewe ndiye ulinifundisha. Ulinifundisha kuchafua?"

Harjit akacheka, akaacha.

Mwezi wa Julai gari lilikwenda Nairobi. Mwamuzi alitandika mkeka, akaingia chini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema kazi ya chini ni nzuri kuliko yoyote iliyopata kutoka kiwandani, na kwa hiyo si sahihi. Aliifahamu aina ile ya gari: ilitakiwa iwe na michirizi, na mahali palipokosa lami nyuma ya magurudumu. Kombe likaenda kwa daktari mmoja wa Nairobi. Walipofika Naivasha wakirudi, kwa mujibu wa Harjit aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma, Bwana Kiprugut alisema: "Mtu moja ameniaibisha mbele ya watu, na yeye hata hajui kusoma."

Wiki iliyofuata Mzee Masinde aliambiwa atastaafu mwisho wa Septemba.

Hakubishana. Alikuwa na ombi moja tu. Anakaa na binti yake Nekesa katika chumba namba sita, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya gereji. Mama yake Nekesa alifariki. Mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa Novemba katika shule ya hapa Bondeni, na akihamishiwa Kimilili sasa, mwaka wake umepotea. Mzee aliomba abaki na chumba mpaka mtihani uishe.

Bwana Kiprugut alijibu mbele yangu na mbele ya Harjit: "Kwangua hiyo lami yako yote. Paka makosa ya Wazungu vile yalikuwa. Ukimaliza, kaa na chumba mpaka mtoto amalize."

Jumapili hiyo Harjit na Mzee Masinde walikwenda shamba moja karibu na Rongai, ambako gari la aina hiyohiyo limegeuzwa banda la kuku. Chini yake hakuna fundi aliyewahi kugusa. Mzee alilala humo na taa, mavi ya kuku yakimwangukia, akaangalia kila mchirizi. Alipotoka alisema, "Huyu aliyepaka alikuwa anakimbilia chai."

Akarudi, akakwangua kazi yake mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu kuliko kuipaka. Kisha akapaka ya yule mtu wa haraka: michirizi upande wa kushoto, mkia wa brashi uliopotea njia juu ya bomba la petroli, bati lililoachwa wazi nyuma ya magurudumu. Alipogonga, lilisema "teng". Akaliacha hivyo.

Bwana Kiprugut alikuja, akalala kwenye mkeka, akatoka akitabasamu. "Masinde! Tangu nikujue, hujafanya kazi kama hii!"

Mzee Masinde aliosha mikono kwa mafuta ya taa, polepole. Halafu akamgeukia Harjit. "Singh, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Harjit. "Twende tukunywe chai."

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza aliyopewa na mwenye gereji huyu, na Jumamosi mtaisikia tena, imo katika hotuba. Nawaomba hapo msipige makofi. Pigeni mimi nitakapousoma wasifu wa programu na kutaja malori na pikapu.

Maana Jumanne wiki hii Bwana Kiprugut ameniagiza niandae ufunguo wa chumba namba sita kwa fundi mpya wa rangi, anayetoka Nairobi Jumatatu. Nilimkumbusha habari za mtoto. Akaniuliza, "Karani, wewe kazi yako ni taipu ama ni nyumba?" Nikasema ni taipu.

Mzee Masinde, asante. Kwa miaka hii yote watu wa bonde hili wamezungumza ndani ya magari bila kupandisha sauti, na hawakujua ni kwa sababu yako. Upumzike vizuri, na Nekesa afaulu.

Kwenu wengine: kinahitajika chumba cha Mzee na Nekesa kuanzia Jumamosi jioni hadi mwisho wa Novemba, Bondeni au Kivumbini, mahali ambapo mtoto anaweza kutembea kwenda shule. Aliye nacho asije ofisini wala asipige simu, inapokelewa na wengine. Saa saba mchana mimi huwa kwenye kibanda cha chai cha Mama Njoki, karibu na stesheni ya reli, benchi la ndani. Kaa karibu nami, agiza chai, taja mtaa na jina la mwenye nyumba, kisha zungumza habari za mvua. Kama sitakujibu, usichukie, huenda kuna mtu nyuma yako. Jioni nitakuja kukiona chumba. Mkokoteni nimeshaupata.