Taa Isiyo na Mdomo: Maisha ya Marehemu Leodegar Didas Ndunguru (1948–1995)

Mjomba wetu Leodegar alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1948 Litembo, Mbinga, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Didas Ndunguru na Bibi Benedicta Kapinga, aliyekaa hapo mbele. Shikamoo, Bibi.

Alisoma Litembo hadi darasa la nane, akaja Dar es Salaam kujifunza ufundi umeme Chang'ombe. Alimaliza mwaka 1969, na cheti akapata, jambo ambalo wengine katika ukoo huu bado linatushinda.

Alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka 1989, alipopunguzwa pamoja na wenzake. Kiinua mgongo alinunulia jenereta na taa mbili, akawa anawamulikia wapiga video wa harusi na maigizo, Temeke hadi Kunduchi. Mgao wa umeme ulimpa kazi. Kelele za jenereta zilimharibia, maana ziliingia kwenye kanda. Aliwahi kulifungia ndani ya sanduku la mbao alilochongewa na maseremala wa Keko, akalizungushia godoro. Lilinyamaza kweli, dakika kumi, kisha likazimika kwa kukosa hewa, bibi harusi kisu kimo kwenye keki.

Alifunga ndoa na Filomena tarehe 12 Mei 1979, hapa hapa Chang'ombe. Miaka ya mwisho mama huyu alilala chumba kimoja na betri za lori, na hakulalamika zaidi ya mara moja kwa siku.

Tarehe 26 Desemba 1993 mjomba alibeba jenereta hadi kwa mama yake, Mbagala, ambako umeme haujafika, amrekodi akisimulia habari za ukoo. Kwenye kanda ile Bibi anaonekana vizuri, midomo inacheza, ila anayesikika ni jenereta.

"Mwanangu, hilo dude lako halina adabu, linanikatiza," Bibi alimwambia.

"Mama, nitarudi na taa isiyo na mdomo."

Akaitengeneza: betri nane juu ya mkokoteni, zikiwasha taa za mbele za lori alizozifunga kwenye vyuma. Kimya kabisa. Ubaya, wateja nao wakaipenda. Mara tatu alipanga kwenda Mbagala, mara tatu akatokea mtu: "Fundi, Jumapili hii tu, mama utamkuta." Baadhi yenu mko hapa, mnajijua. Naye kukataa hakujua, hilo nalo lisemwe.

Safari ya nne aliipangia Jumapili, tarehe 16 Julai 1995. Tarehe 10 alianguka kwa presha akiongeza maji kwenye betri. Alhamisi, tarehe 13, akafariki.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Didas na Lusungu, dada mmoja, na sie wapwa, wengi kuliko kazi tunazofanya.

Mliokuwa mnaguna kwamba msiba wa fundi taa unamulikwa na karabai: betri zilikuwepo, zimejaa chaji. Mama Didas ndiye aliyekataa zisiguswe. Alisema, "Hizo zina kazi Jumapili."

Jumapili ni kesho. Mteja yeyote asigonge. Bibi, saa nne tunakuja kwako Mbagala na mkokoteni, na safari hii utasikika.

Mungu ampumzishe mwanao kwa amani, na kwa ukimya alioutafuta.