Pikcha Iliyokatwa na Lori ya Majani

Benchi letu ni gogo la mkaratusi mbele ya hoteli ya Priscah, hapa Mogogosiek, likitazamana na kibanda cha kupimia majani chai. Mimi huitwa Entebe, kwa sababu nilisafiri mpaka Uganda, nikashika seng'enge ya uwanja wa ndege kwa mikono miwili, nikarudi. Gibson ni Bibisii kwa ajili ya redio yake; Isaiah ni Wakili kwa kesi aliyoshindwa mara tatu. Jumatatu hiyo, mwaka wa tisini na nne, tulikuwa na kazi nzito. Joab, fundi wa kiwandani, Mjaluo aliyekulia Kipkelion babake alipofanya kazi ya reli, alimpenda Chepchirchir, binti wa mzee Johana. Kipsigis chake ni safi kuliko changu, na mimi nimezaliwa nacho. Siku mzee alipomuuliza ukoo wake, Joab kwa hamu ya kupendwa akasema Nyuki, ukoo wa mzee mwenyewe! Akapokelewa kama mtoto wa nyumbani, akanyweshwa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, mpaka akasahau samaki. Alipotaja kuoa, mzee akaruka: wa ukoo mmoja hawaoani. Sasa akinyamaza, yeye ni ndugu ya mpenzi wake. Akisema ukweli, ni mwongo. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumeonyeshwa pikcha ya video kwenye holi ya kanisa, injinia Mzungu akimpenda mwimbaji wa Kihindi aliyejificha nyuma ya pazia akijiita binti wa mfalme, kumbe ni dobi. Pazia lilipoanza kufunuliwa, lori ya majani ikapiga honi, tukatoka sote mbio na vikapu. Hakuna aliyeona mwisho. Basi mzee akiwa katikati ya gogo na Joab kwenye ncha akiigeuzageuza spana yake, tukaamua kumtengenezea mzee mwisho wa kutufaa: mwongo asamehewe.

Bibisii: Yule Mzungu alisamehe papo hapo. Niliona uso wake.

Johana: Uliona saa ngapi? Si wewe ulikuwa wa kwanza kwa mlango, na kikapu ya bibi yako?

Bibisii: Nilikuwa nakimbia nikiangalia nyuma, mzee.

Johana: Mutu anadanganya watu kwao ni wapi, halafu anasamehewa? Huyo dobi apelekwe polisi.

Spana ya Joab ikaanguka chini.

Wakili: Polepole, mzee. Kisheria msichana hakudanganya. Alikuwa nyuma ya pazia. Maneno ya nyuma ya pazia ni ya pazia.

Johana: Ndiyo maana ulifungwa.

Wakili: Sikufungwa! Nililala ndani tu.

Entebe: Wazee, sikizeni mtu ametembea. Yule Mzungu mwenyewe hakuwa injinia. Mliona viatu yake? Hakuna tope hata siku moja. Alikuwa dobi wa kwao. Dobi akapenda dobi, wakacheka, wakafua pamoja.

Bibisii: Na ule mama alikuwa anapiga ngoma ndiye binti wa mfalme wa kweli. Amejificha asiolewe.

Wakili: Na mbuzi?

Bibisii: Mbuzi gani?

Wakili: Ile ilipita nyuma mara mbili. Hiyo ilikuwa serikali.

Johana akacheka mpaka chai ikamwagikia koti. Nikamkonyeza Joab: sasa! Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, akaomba sukari.

Priscah, birika mkononi: Nyinyi wanaume, si mseme tu ile kitu mnataka kusema? Chai inaisha.

Hapo akaja mama mmoja kutoka upande wa stendi, kikapu kichwani, harufu ya samaki wakavu ikimtangulia.

—Hamjambo wazee. Naitwa Adoyo, nimetoka Ahero. Mtoto yangu huyu, Joab, aliniandikia, anasema amepata msichana hapa, lakini baba ya msichana amekataa. Nauliza tu, amekataa kwa sababu gani?

Wakili akanyoosha kikombe. Priscah akapindua birika, hakuna tone.

Joab akasimama. —Mzee, huyu ni mama yangu aliyenizaa. Mimi si Nyuki. Nilikudanganya.

Lori ya majani ikapiga honi. Vikapu vyetu vilikuwa vimejaa pale kibandani. Hakuna aliyeinuka.

Johana: Wewe si Nyuki?

Joab: Hapana, mzee.

Johana: Hata kidogo?

Joab: Hata ubawa mmoja.

Johana: Miezi tatu! Miezi tatu Chepchirchir anatoa machozi kwa majani chai, mama yake ananipea ugali baridi, na mimi napiga magoti kanisani nauliza Mungu, kijana muzuri hivi, mbona ulimweka kwa ukoo yangu? Na wewe ulikuwa na jibu kwa mfuko!

Akamtwanga kwa kofia mara tatu, moja kwa kila mwezi. Kisha akamtua mama Adoyo kikapu cha samaki, akakibeba yeye mwenyewe, akaongoza njia ya kwake.

—Mama, twende. Chai hapa imeisha, nyumbani kuna mursik. Fundi, wewe fuata nyuma. Bado nina kofia.

Lori ikaondoka na majani ya watu wengine. Yetu yakanyauka vikapuni. Mpaka leo bibi yangu huuliza siku ile nilikuwa wapi. Humwambia ukweli: nilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka kwa mizani, lakini mara hii nilitaka kuona mwisho.